Dhambi ya Kunyamaza: Udhaifu wa Kimaadili wa Daktari Garrigan katika Filamu "The Last King of Scotland"

Utangulizi

Wanafunzi wetu wanapoulizwa kuhusu uongozi mbaya katika kazi ya fasihi, aghalabu kalamu zao hukimbilia kwa dikteta. Wataorodhesha ukatili wake, ulafi wake, majigambo yake na vitisho vyake, kisha waweke nukta. Ni wachache wanaogeuka kumtazama yule anayemtibu dikteta, anayempa ushauri, anayepokea zawadi zake na kucheka pale anapocheka. Ilhali hakuna dikteta anayetawala kwa mikono yake miwili pekee. Nyuma ya kila mtawala dhalimu kuna umati wa watu wasiomwaga damu, lakini ambao bila wao damu isingemwagika kwa urahisi.

Makala haya yanadhamiria kumchunguza mtu wa aina hiyo kupitia kwa mhusika Nicholas Garrigan katika filamu "The Last King of Scotland", yaani Mfalme wa Mwisho wa Uskoti. Filamu hiyo iliongozwa na Kevin Macdonald na kutolewa mwaka wa 2006. Si kitabu teule na haitahiniwi. Hata hivyo, ina manufaa kwa darasa la fasihi kwa sababu tatu. Kwanza, mhusika wake mkuu si dikteta bali ni msaidizi wake. Pili, inahusu historia ya jirani yetu Uganda. Tatu, imesheheni mbinu zile zile tunazofunza katika riwaya na tamthilia: kinaya, jazanda, taharuki na matumizi ya wahusika wanaokinzana.

Maana ya Istilahi

Kabla ya kuendelea, ni muhimu tutofautishe dhana tatu ambazo watahiniwa huzichanganya.

Uovu ni kutenda baya kwa kukusudia. Woga ni kuacha kutenda jema kwa kuhofia madhara. Udhaifu wa kimaadili ni kulijua jema, kuwa na nafasi ya kulitenda, na bado kuliacha kwa sababu kuliacha kuna raha au faida. Udhaifu huu unapotokea chini ya utawala wa kikatili, huzaa kile tutakachokiita ushiriki wa kimya: mtu hashiki kisu, lakini uwepo wake, sifa zake, utaalamu wake na kimya chake humsaidia mwenye kisu.

Tofauti hii ndiyo kiini cha makala haya. Mtahiniwa anayeandika kwamba "Garrigan ni mwoga" amepata nusu ya jibu. Woga wa Garrigan unakuja mwishoni, wakati mlango umekwisha kufungwa. Mwanzoni, mlango ulipokuwa wazi, hakuogopa chochote. Alikuwa anastarehe.

Usuli wa Kihistoria

Idi Amin alitwaa mamlaka tarehe 25 Januari 1971 kwa kumpindua Rais Milton Obote. Umati ulimshangilia jijini Kampala, na serikali ya Uingereza ilikuwa miongoni mwa za kwanza kumtambua. Mnamo Agosti 1972 alitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90 za kuondoka. Septemba mwaka huo huo, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa akiwa mahakamani na hakuonekana tena. Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Makadirio ya waliouawa yanatofautiana, ila idadi inayotajwa mara nyingi ni watu 300,000. Amin aling'olewa Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania yakishirikiana na wapiganaji wa Uganda. Alifariki akiwa uhamishoni Saudi Arabia mwaka wa 2003.

Garrigan mwenyewe hakuwahi kuishi. Ni mhusika wa kubuni aliyetoka katika riwaya ya Giles Foden iliyochapishwa 1998. Kay, mke wa Amin, aliishi kweli na alikufa kifo cha kutisha mwaka wa 1974, lakini mapenzi yake na daktari huyu Mskoti ni ubunifu wa filamu. Mwalimu awakumbushe wanafunzi kwamba kazi ya sanaa hukopa kwenye historia bila kuwa historia.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi walimu wa Kiswahili kwa karibu. Amin alilelewa kijeshi katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Mwaka wa 1973 alikitangaza kuwa lugha ya taifa la Uganda. Kwa raia wengi, hata hivyo, ilikuwa ni lugha waliyoisikia vizuizini na milango ilipogongwa usiku. Chuki iliyoandama Kiswahili nchini humo kwa miaka mingi haikutokana na ngeli wala msamiati wake. Ilitokana na vinywa vilivyokitumia.

Safari ya Garrigan: Hatua kwa Hatua

Udhaifu wa Garrigan haukuzuka siku moja. Unajengwa kama ukuta, tofali juu ya tofali, na kila tofali likitazamwa peke yake linaonekana jepesi.

(i) Tufe la dunia

Mwaka wa 1970 Garrigan amehitimu udaktari nchini Uskoti. Mbele yake kuna maisha ya utulivu chini ya kivuli cha baba yake, ambaye pia ni daktari. Anayachoka kabla hajayaanza. Chumbani kwake anazungusha tufe la dunia na kuapa kwenda popote kidole kitakapoangukia. Kidole kinaangukia Kanada. Anazungusha tena, na sasa kinaangukia Uganda.

Onyesho hili ni fupi, lakini limebeba filamu nzima. Garrigan anavunja ahadi ya kwanza tunayomwona akiiweka, na anaivunja kwa sababu matokeo hayakumfurahisha. Isitoshe, haendi Uganda kwa ajili ya wagonjwa wa Uganda. Anakwenda kwa ajili yake mwenyewe. Mtu aliyeichagua nchi kama mchezo ataishi ndani yake kama mchezaji.

(ii) Ng'ombe barabarani

Garrigan anaanza kazi katika kliniki ya kijijini. Siku moja anaitwa kumtibu Amin, ambaye gari lake limemgonga ng'ombe na mkono wake ukaumia. Ng'ombe anagumia kwa maumivu. Garrigan anashindwa kuvumilia kilio hicho, ananyakua bastola ya Amin na kumfyatulia mnyama yule risasi. Wanajeshi wanashtuka. Amin anavutiwa na ujasiri huo, na anapogundua kwamba daktari ni Mskoti wanabadilishana mashati.

Watahiniwa wengi wangelisoma onyesho hili kama ushahidi wa ushujaa, na hawangekosea. Kinaya ni kwamba hii ndiyo mara ya mwisho kwa muda mrefu Garrigan kukisikia kilio na kuchukua hatua papo hapo. Kilio cha ng'ombe kilimsumbua, lakini vilio vya watu vilivyofuata alivizoea. Hatuwezi basi kusema kwamba aliumbwa bila huruma. Alikuwa nayo, akaiuza.

(iii) Zawadi

Amin anamwalika awe daktari wake binafsi. Garrigan anasita kidogo, kisha anakubali na kuwaacha wagonjwa wa kijijini. Anapewa makao mazuri na gari aina ya Mercedes. Anakaribishwa kwenye karamu na kusikilizwa kuhusu mambo ya serikali asiyoyajua. Kijana aliyekuwa akikaa kimya mezani kwa baba yake sasa anaombwa ushauri na rais.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Amin anaijua methali hii kuliko mtu yeyote. Hamwombi Garrigan amwue mtu. Anamwomba apokee tu. Kila zawadi inayopokelewa inakuwa deni, na mwenye deni hana ulimi. Ndiyo maana afisa Mwingereza Nigel Stone anapomdokezea maovu ya serikali, Garrigan anakuwa mwepesi wa kumtetea rais wake. Hatetei Uganda. Anatetea nafasi yake.

(iv) Neno moja kuhusu waziri

Garrigan anamwona Jonah Wasswa, Waziri wa Afya, akizungumza na mgeni katika hoteli na kumshuku. Anamnong'onezea Amin. Baada ya muda Wasswa haonekani tena, na Garrigan anakuja kubaini kwamba ameuawa.

Hapa ushiriki wa kimya unageuka kuwa ushiriki wa maneno, na Garrigan hatambui alipovuka mpaka. Hakumchukia Wasswa. Hakukusudia afe. Alitaka tu kuonekana mwaminifu. Lakini chini ya utawala wa aina hii neno la kujipendekeza lina uzito wa hati ya kifo, na anayelitamka hawezi kujitetea kwamba hakujua, kwa maana alikuwa amechagua kutojua. Dokezi zilikuwa zimemzunguka tangu zamani. Aliziona, akazipa jina jingine.

(v) Kay

Garrigan anaanzisha uhusiano wa siri na Kay, mmoja wa wake wa Amin, ambaye ametengwa kwa sababu mwanawe ana kifafa. Kay anapata mimba na kumwomba msaada, akijua fika kitakachompata ikigunduliwa. Garrigan anachelewa. Anapopata ujasiri, muda umepita na Kay ameuawa kinyama.

Katika mfululizo huu kuna mpangilio ambao mwanafunzi makini anapaswa kuutambua: Garrigan anakosea, mwingine analipa. Wasswa alilipa. Kay alilipa. Mwishoni atalipa Daktari Junju. Udhaifu wa kimaadili si jambo la siri kati ya mtu na nafsi yake. Bili yake hupelekwa nyumba nyingine.

(vi) Ushauri usioshawishi

Onyesho lenye falsafa nzito kuliko yote linahusu kufukuzwa kwa Waasia. Garrigan alikuwa amemwambia Amin kwamba uamuzi huo ni wa makosa. Baadaye, dunia inapomcheka, Amin anamlaumu daktari kwa kutomshauri. Garrigan anajitetea kwamba alimwambia. Amin anajibu kwamba kweli alimwambia, ila hakumshawishi.

Mtazamaji anacheka kwanza, kwa sababu jibu hilo ni la mtu asiyekubali kosa. Kisha kicheko kinakwama. Ndani ya upuuzi wa dikteta kumefichika swali la haki. Je, inatosha kusema mara moja, kwa sauti ya chini, kisha kurudi kwenye karamu? Garrigan alizungumza kiasi cha kuiridhisha dhamiri yake, si kiasi cha kuhatarisha gari lake. Wapo wengi katika kila utawala ambao hujivunia kwamba "walisema". Filamu inatutaka tuulize walisema vipi, na walifanya nini baada ya kutosikilizwa.

(vii) Mlango umefungwa

Garrigan anapotaka kurudi kwao, pasipoti yake inachukuliwa na anapewa ya Uganda. Sasa ndipo woga unapoingia. Mnamo Juni 1976 ndege ya Air France iliyotekwa nyara inafikishwa Entebbe. Katika siku hizo Garrigan anajaribu kumpa Amin vidonge vya sumu kwa hila ya kutuliza maumivu. Anagunduliwa na kuteswa vibaya uwanjani. Junju, daktari Mganda, anamwokoa na kumpenyeza miongoni mwa mateka wanaoachiliwa ili aende akaueleze ulimwengu ukweli. Garrigan anaondoka. Junju anauawa.

Je, jaribio la sumu linamtakasa Garrigan? Mwandishi wa makala haya anaona kwamba halimtakasi. Anachukua hatua pale tu maisha yake mwenyewe yamo hatarini. Junju, kwa upande mwingine, hatarajii kufaidi chochote.

Mbinu Zinazoendeleza Maudhui

Mbinu kuu ni mtazamo. Kamera haimwachi Garrigan. Tunayaona anayoyaona na tunanyimwa asichotaka kukiona. Amin, aliyeigizwa kwa ustadi na Forest Whitaker hata akapata tuzo ya Oscar mwaka wa 2007, anachekesha, anakumbatia, anasimulia utoto wake wa kimaskini. Tunampenda kabla ya kumwogopa. Kufikia maiti zinapoonyeshwa, mtazamaji anagundua kwamba naye alikuwa amefumba macho. Hii ndiyo nguvu ya filamu: haituruhusu kumhukumu Garrigan tukiwa tumekaa mbali.

Pili ni wahusika wanaokinzana. Sarah Merrit wa kliniki ya kijijini hatekwi na shangwe za umati, na anabaki na wagonjwa. Junju anafanya kazi bila kusifiwa na kufa bila kuombolezwa. Stone anausema ukweli, lakini serikali yake ndiyo iliyompokea Amin kwa furaha, kwa hivyo ukweli wake una harufu ya unafiki.

Tatu ni jazanda ya udaktari. Daktari ameapa kuokoa uhai. Garrigan anamtibu mtu mmoja ambaye kila siku anapoamka na afya, wengine hufa. Tabibu wa mkono wa Amin amesahau mkono huo unafanya nini.

Dosari ya Filamu

Uhakiki usioona dosari ni sifa tu. Filamu hii inaisimulia misiba ya Waganda kupitia kwa macho ya mgeni mmoja. Wasswa, Kay na Junju wanakufa, na vifo vyao vinakuwa masomo kwa Garrigan. Hatuwajui vya kutosha hata tuwalilie kwa ajili yao wenyewe.

Ilhali historia ilikuwa na mifano ya Waganda iliyotatanisha zaidi. Henry Kyemba alikuwa waziri katika serikali ya Amin, na alishika wizara ya afya mwaka wa 1976, wakati mateka mkongwe Dora Bloch alipotolewa katika Hospitali ya Mulago na kuuawa. Mwaka wa 1977 Kyemba alitorokea uhamishoni na kuchapisha kitabu "A State of Blood", akifichua aliyoyashuhudia. Je, tumlaumu kwa miaka aliyotumikia, au tumshukuru kwa ushahidi aliouleta? Swali hilo ni gumu kuliko lolote linaloulizwa na filamu, na linafaa mjadala wa darasani.

Uhusiano na Tamthilia Zetu

Mwanafunzi aliyesoma "Kifo Kisimani" ya Kithaka wa Mberia atamkumbuka Gege, anayemsaliti nduguye Mwelusi kwa ahadi ya kumwoa Alida, bintiye mtawala Bokono. Gege na Garrigan wanafanana kwa chambo. Wanatofautiana kwa kuwa Gege anajua anachoombwa, ilhali Garrigan anajitahidi asijue. Katika "Kigogo" ya Pauline Kea, Boza anakubali kuuchongea utawala wa Majoka na kufurahia keki ya sherehe, wakati Sudi anakataa yote mawili. Keki ya Boza na Mercedes ya Garrigan zimetoka katika tanuri moja. Tofauti ni kipimo tu.

Mwongozo kwa Mwalimu na Mtahiniwa

Filamu hii ina maonyesho ya mateso, ngono na maiti iliyokatwakatwa. Mwalimu aitazame kwanza peke yake, kisha achague sehemu zinazofaa, hasa onyesho la tufe, la ng'ombe na la ushauri. Asiwaonyeshe wanafunzi yote.

Swali la mazoezi: "Mchuma janga hula na wa kwao." Jadili ukweli wa methali hii ukirejelea mhusika Garrigan. (alama 20)

Jibu zuri lizingatie yafuatayo:

1. Maana ya methali ielezwe kwanza, kisha ihusishwe na mhusika.
2. Kila hoja itaje kitendo, faida aliyoipata Garrigan, na mtu aliyelipa. Kwa mfano: alimnong'onezea Amin kuhusu Wasswa, akaonekana mwaminifu, Wasswa akauawa.
3. Mtahiniwa aonyeshe ukuaji: kutoka starehe, kwenda kujipendekeza, kisha majuto na hatimaye hofu. Orodha ya sifa zisizo na mpangilio haionyeshi uelewa.
4. Upande wa pili uguswe. Garrigan mwenyewe aliteswa, na alijaribu kujirekebisha.
5. Hitimisho litoe msimamo. Inaweza kusemwa kwamba methali inakwenda mbali zaidi hapa: mchuma janga alinusurika, na waliolila hawakuwa hata wa kwao.

Utaratibu huu wa kitendo, faida na mlipaji unaweza kutumiwa kwa mhusika yeyote wa aina hii, katika kitabu teule chochote kitakachokuja.

Hitimisho

Tumeona kwamba Garrigan hakuwa katili. Alikuwa kijana mcheshi, mwerevu na mwenye huruma ya kutosha kumwonea uchungu ng'ombe. Utawala wa Amin haukuhitaji aache kuwa mtu mwema. Ulihitaji tu aahirishe wema wake hadi kesho, na kesho yake tena. Hilo ndilo funzo ambalo mwanafunzi anaweza kulibeba nje ya chumba cha mtihani, kwa kuwa wengi wetu hatutakuwa madikteta kamwe, lakini kila mmoja wetu ataketi siku moja karibu na mwenye nguvu, awe mkubwa wa nchi, wa ofisi, wa shule au wa bweni. Siku hiyo atapewa kitu kizuri, na hataombwa chochote ila anyamaze.